Kinshasa kwa Pasipoti Safi

Jumatatu, 6 Agosti 2001. Butembo.

Leo nimeitwa parokiani, kwenye fonia. Ni redio ya padri, inakoroma kama mtu mwenye mafua. Nikasikia sauti ya dada yangu Kavira, kutoka Kinshasa. Alikwenda kusomea uuguzi, vita vikafunga njia nyuma yake. Hatujaonana tangu hapo.

Anaolewa. Bwana ni mwalimu, jina lake Blaise. Harusi ni Jumamosi tarehe 25. Baba yetu hayupo tena duniani, kwa hiyo wa kusimama na kumtoa ni mimi. Akasema, akiniita kaka: “Yaya, ukuye. Kama haukuye nitatoka na nani?” Nikajibu nitakuja. Nilijibu kabla ya kufikiri njia.

Njia yenyewe ni hii. Kinshasa ni nchi yetu, lakini kule kuna serikali, na huku tunatawaliwa na waasi wenye Uganda nyuma yao. Barabara hakuna, ndege hakuna. Lazima nitoke nje ya nchi ili niingie nchini: Beni, Kasindi, Kampala, Nairobi, halafu ndege. Nimewapiga nusu ya Butembo picha za pasipoti, na mimi mwenyewe sijawahi kuvuka mpaka wowote. Pasipoti ninayo, ya kabla ya vita. Kurasa zote nyeupe.

Jumanne, 7 Agosti. Butembo.

Kasonia naye anakwenda. Ni mtoto wa baba mdogo, anauza vitenge, anajua Kampala kuliko anavyojua kanisa. Amekuja studio kwangu kusema kwamba nikichelewa, yeye atasema kwa niaba ya familia. Alisema kwa upole sana. Upole wake ndio unaniudhi.

Nikamwomba pasipoti yake nitazame tu. Nikaiweka chini ya lenzi. Uganda kila mahali! Mihuri ya buluu, mihuri myeusi, mmoja umepigwa kichwa chini. Nikamwuliza watu wa Kinshasa watasema nini wakiona haya yote, maana Uganda ni adui wao. Akasema hajui, atajua akifika.

Kwa kinyozi wanasimulia habari ya mtu aliyefika Kinshasa na muhuri wa Uganda. Alikalishwa chumbani mpaka jioni, akiulizwa vifaru viko wapi. Nikauliza nani alimwona mtu huyo. Hakuna aliyemwona. Nimeamini hata hivyo.

Jambo hili linanishangaza. Muhuri ni wino tu. Wino wenyewe unaweza kuwa umetoka Uchina. Unajuaje kwamba ni adui?

Mpango: nitafika Kinshasa na pasipoti safi kabisa. Mke wangu Joyeuse alinisikiliza akichambua majani ya sombe. “Papa Bénie,” akasema, kwa jina la mtoto wetu, “fanya sawa benzako banafanyaka.” Yeye hapendi mipango.

Alhamisi, 9 Agosti. Beni.

Njiani askari wa kizuizi akaniomba karatasi: “Vieux, mukanda!” Nikampa pasipoti. Akaishika juu chini, akatafuta picha, akacheka masikio yangu, akanirudishia. Hakupiga muhuri. Mwanzo mzuri.

Ofisi ya uhamiaji Beni nimempata Mama Ngalula. Ni mtu wa Kasai, alitumwa huku kikazi, vita vikamkuta kwenye kiti hicho hicho. Nikamwomba muhuri wa kutoka aupige kwenye karatasi ya pembeni, si ndani ya pasipoti. Akaweka kalamu chini.

“Papa, ni weye unavuka ao ni karatasi?”

Nikasema ni mimi, lakini karatasi itanisindikiza. Akauliza kama nina kesi. Nikasema nina harusi. Akaniomba nieleze tena, polepole. Nikaeleza. Akasema wazazi wake wako upande ule wa serikali, naye amewahi kujiuliza siku akienda kuwaona ataonyesha nini. Halafu akachukua karatasi nyeupe, akaandika jina langu, akapiga muhuri kwa nguvu. Akaongeza: “Kwa hapa inatosha. Kule ngambo, sijui kama batakubali.”

Nimefikia kwa binamu wa Joyeuse, Mulekera. Wanasema barabara ya Kasindi imefungwa. Kuna risasi.

Jumamosi, 11 Agosti. Beni.

Barabara bado imefungwa. Nakaa, nafikiri. Joyeuse huniambia nikikaa na kufikiri nitafute kazi haraka, lakini Joyeuse yuko Butembo.

Maneno ya Mama Ngalula hayanitoki. Kama Mganda akikataa karatasi yangu je? Atafungua pasipoti, ataona ukurasa mweupe, atapiga. Dawa ni moja: asipate ukurasa. Nimepika uji mzito wa unga wa muhogo, nikagandisha kurasa nyeupe moja kwa nyingine, kwa makini, kama ninavyobandika picha kwenye albamu. Kisha nikaiweka pasipoti chini ya gunia la maharage ili ikauke ikiwa imenyooka.

Kasonia amepita. Naye anasubiri njia, analala kwenye lori lake. Akauliza kuna nini chini ya gunia ninalolitazama hivyo. Nikasema maharage.

Jumapili, 12 Agosti. Beni.

Baada ya misa nimetoa pasipoti. Gundi imeshika vizuri kuliko nilivyoomba. Kurasa nyeupe zimeshikana. Ukurasa wa picha nao umeshikana. Jalada pia. Nina kipande cha ubao.

Mwenyeji wangu alikuwa na sufuria ya maharage motoni. Mvuke hufungua bahasha, kwa nini usifungue pasipoti? Nikaishikilia juu ya sufuria. Kwa kweli ilifunguka. Ikafunguka kurasa zote, na picha yangu ikabanduka, ikadumbukia. Mke wa Mulekera akaichota kwa mwiko, akaniuliza kama uso huu aupakue au aumwage.

Sikuogopa. Mpiga picha hasafiri bila picha zake. Nilikuwa na nyingine mfukoni mwa koti, nimevaa tai, nzuri kuliko ya kwanza. Nikaibandika. Tatizo dogo: muhuri wa serikali ulikuwa umepigwa nusu kwenye picha, nusu kwenye ukurasa. Nusu ile ya kwenye picha imeyeyukia kwenye maharage. Nimeichora kwa kalamu ya bic. Ukiwa mbali huoni tofauti.

Jumanne, 14 Agosti. Kasindi.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya begi langu, upande wetu wa mpaka.

Asubuhi barabara ilifunguliwa, Kasonia akanipakia kwenye lori. Ng'ambo, yeye alitangulia kwenye foleni. Ofisa wa Uganda akapekua pasipoti yake akitafuta nafasi, hakuipata, akapiga muhuri juu ya muhuri mwingine. Kasonia akapita akitafuna muwa.

Nikasogea. Nikatanguliza karatasi ya Mama Ngalula. Ofisa akaiweka kando kwa heshima, akaomba pasipoti. Akaifungua. Akainusa. Akauliza kwa nini inanuka maharage.

Ningeweza kudanganya, lakini alikuwa na macho ya mtu anayetaka kweli kujua. Nikamweleza kila kitu tangu mwanzo: Kavira, kinyozi, uji wa muhogo, sufuria. Akanivutia kiti. Akawaita wenzake wawili, akaniomba nirudie sehemu ya mwiko. Mmoja akauliza kama ni unga wa muhogo mchungu au mtamu. Kisha ofisa akauliza: kwa hiyo unaogopa muhuri wetu? Nikasema mimi siuogopi, ila wa Kinshasa wanaweza kuuogopa. Akaitazama picha yenye tai, akanitazama mimi, akagusa ule wino wa bic kwa kidole. Ukatoka kidogo.

“Mzee,” akasema, “muhuri ningekupigia kwenye karatasi yako, nisingekunyima. Lakini hiki si pasipoti tena.”

Akanisindikiza mwenyewe mpaka kwenye kamba ya mpaka.

Kasonia alirudi mbio aliponiona upande huu. Nilidhani atacheka. Akasimama ng'ambo ya kamba, muwa mkononi, akauliza: “Yaya, niseme nini pale?”

Nikamwambia aseme kwamba Baba alipokuwa analima kule Alimbongo, Kavira alimfuata shambani kila siku, na Baba alikuwa anapunguza hatua zake makusudi ili mtoto adhani wanatembea sawa. Blaise ajue hivyo. Kasonia akarudia maneno yote, akauliza kama ameyapata vizuri. Alikuwa ameyapata vizuri. Hilo nalo liliniuma.

Jumamosi, 25 Agosti. Butembo.

Padri aliniita kwenye fonia saa za mchana. Nilivaa koti na tai, ingawa fonia haioni. Joyeuse alikuja, na Bénie wetu, na nusu ya mtaa wetu wa Vulamba.

Kwanza alisema Kasonia. Uwanja wa ndege wa Kinshasa, ofisa alifungua pasipoti yake, akaona Uganda, Uganda, Uganda. Akamwita kando. Kasonia akajua ndiyo vifaru sasa. Ofisa akamwuliza kwa sauti ndogo: kama umepita njia hiyo, basi umetoka upande wa Beni? Ofisa huyo ana ndugu yake Beni, hajasikia habari zake tangu vita. Akataja jina. Kasonia hamjui, lakini ameahidi kumtafuta. Ofisa akamwachia apite, akamshika mkono kwa muda mrefu.

Nilikuwa najiuliza ningemwambia nini mtu huyo, mimi na kurasa zangu nyeupe.

Halafu wakamweka Kavira kwenye fonia. Padri akanikumbusha kumaliza kila neno kwa “à vous”, vinginevyo mwenzako hapati zamu. Nikasema: Kavira, mimi kaka yako niko hapa. À vous. Nikangoja zamu yake. Nikasema: ninakutoa kwa mikono miwili, wewe na Blaise mtembee sawa. À vous. Fonia ikakoroma. Padri akageuka kutazama dirisha. Nikadhani njia imekatika.

“Nimesikia, Yaya,” akasema. “Kasonia alishasema ile ya Baba. Batu yote balilia. À vous.”

Joyeuse akaniondolea chombo mkononi, akapiga vigelegele ndani yake mpaka padri akaomba huruma kwa mashine.

Jumatatu, 27 Agosti. Butembo.

Kavira anataka niende Noeli. Nimefikiri siku nzima, na sasa naona kosa lilikuwa wapi. Kosa halikuwa gundi. Kosa ni kuwa na pasipoti moja tu. Mtu anayepita kati ya maadui wawili anahitaji mbili: moja ya kuonyesha huku, nyingine ya kuonyesha kule.

Kupata ya pili, lazima Mama Ngalula aandike kwamba ya kwanza imeharibika bila kosa langu. Nitasema imetafunwa na panya. Inanuka maharage bado, panya yeyote ataipenda. Nimeiweka chini ya kitanda, pembe moja nje.

Joyeuse anasema nyumba hii haina panya. Ni kweli, tuna paka.

Paka nimempeleka kwa jirani.