Chumba Changu Kimejaa Pasi

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi! Miaka tisa ughaibuni, na dereva wa teksi ananiuliza kama mimi ni mgeni. Mgeni, katika jiji nililozaliwa! Nikamwonyesha njia ya mkato. Ikatufikisha kwenye ukuta wa benki. Watu hawa wanajenga ovyo.

Mama alilia. Dada yangu mdogo hakulia, alikuwa anapiga pasi. Chumbani kwangu! Kitanda hakipo. Kuna meza mbili za pasi, wafanyakazi wawili wa kike na marundo ya mashuka ya nyumba za wageni. Eti biashara. Mimi nimetupiwa godoro sebuleni.

Jumapili Mama amealika ukoo mzima waje kumwona mwanawe, meneja wa hoteli. Chumba lazima kirudi kabla ya hapo. (Umeneja niliuandika kwenye barua ya kwanza, Mama asipate wasiwasi. Sikuona haja ya kusahihisha.)

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza dada kwamba huko nilikotoka kufulia watu nyumbani ni ushamba, atafute duka. Akaniambia nishike ncha ya shuka. Sikushika. Meneja hashiki ncha!

Jumatano, 5 Machi
Nimemtisha Mama kwamba mvuke utabomoa kuta. Akasema tangu pasi zije, ukuta umekauka na kifua chake kimepona. Mwanamke hana shukrani.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Nimeingia chumbani na tai na daftari, kufanya ukaguzi. Yule mfanyakazi mkubwa, namwita Domo, alikuwa na shuka lenye mpira pembeni. Analiviringisha kama anafunga mzigo wa mitumba! Nikavumilia. Nikashindwa. Nikamnyang'anya. Pembe ndani ya pembe, kung'uta, kunja tatu, pitisha kiganja. Tayari! Nikachukua la pili. Nilipozinduka nimemaliza rundo, tai iko begani.

Domo akasema hajawahi kuona meneja mwenye mikono ya hivyo. Dada akaniuliza, polepole, nilikuwa nakunja mangapi kwa siku. Ulimi ukaniponyoka: mia nne. Aibu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 9 Machi
Ukoo umekuja, umekula, umenikagua. Mjomba, mpenda maswali, akataka kujua kazi yangu hasa hotelini. Mama ananitazama, uso wote furaha. Dada akadakia, sinia mkononi: mjomba, hoteli ile nzima hakuna mgeni aliyelala kabla kaka hajapitisha mkono wake. Makofi! Mama akajifuta machozi. Na mimi kidogo, vumbi lilikuwa jingi.

Kwa nini hakunianika? Nimefikiri sana. Jibu ni moja: ananiogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Dada ameniomba niwasaidie kukunja. Kuniomba! Mashuka mia mbili kabla ya saa sita, na Domo hana la kusema. Godoro langu limehamishiwa chumbani, chini ya meza ya pasi. Kwa hiyo chumba nimekipata, na hawa watatu sasa wako kwangu. Nimebandika karatasi mlangoni: Ofisi ya Meneja. Halafu nikawapa notisi ya kuhama.

Dada ameisoma, akasema mikunjo yangu ni mizuri kuliko mwandiko, akaiweka mezani kuegeshea pasi. Kesho naandika ya pili, kwa herufi kubwa.