Kamati ya Utulivu wa Hewa

Ilitangazwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, hewa yote ya maabara namba saba itatulia. Tangazo lilikuwa na mihuri mitatu. Nakala ya hewa ilibandikwa ukutani, isije ikasema haikujulishwa.

Fundi wa leza, ambaye hata mumewe alimwita Mama Miwani, alilisoma mara mbili akashusha pumzi. Kazi yake ilikuwa kurusha mipigo ya mwanga, mikali na mifupi kiasi kwamba kabla kope haijacheza imeshapita. Hewa ikitulia, mwanga ulikwenda kama uzi mmoja hadi kwenye kibati mwisho wa chumba. Hewa ikichafuliwa na joto, uzi ulichanika njiani. Na usipofika kibatini kufikia Ijumaa, yeye angehamishiwa stoo, kulinda viti vibovu.

Mkurugenzi naye hakutaka aibu. Aliunda kamati ya wajumbe thelathini, akaihamishia humohumo maabara pamoja na meza yake.

"Unaona tunavyokupigania, mama?"

"Nashukuru, mkuu. Ila mkienda kula, mwanga unafika vizuri tu."

"Huo ni utoro. Tunataka ufike tukiwepo!"

Alhamisi akatoa waraka: chanzo chochote cha joto kitolewe nje mara moja, kisirudi bila kibali chenye muhuri wa Mkurugenzi. Birika likatolewa. Taa ya mezani ikatolewa. Uzi ukaendelea kuchanika.

Ijumaa asubuhi Mama Miwani alikuja na kipimajoto, akazunguka nacho chumba kizima. Katibu wa kamati aliandika kwa uaminifu orodha ya vyanzo vya joto: wajumbe, nyuzi thelathini na nne kila mmoja, Mkurugenzi akihutubia, thelathini na tano, pamoja na upepo.

"Niiweke hivyohivyo, mkuu?"

"Waraka ni waraka," alisema Mkurugenzi, akasaini bila kusoma, kama kawaida yake.

Askari wa mlangoni, mtu wa kufuata maandishi, aliisoma orodha akawatoa wote thelathini na mmoja.

Mwanga ukarushwa. Kibati kikalia tik, kikatoboka. Mama Miwani alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka.

Mlango ukagongwa kwa fujo.

"Fungua! Nataka nipigwe picha na tundu langu!"

"Kibali, mkuu," alisema askari.

"Kibali natoa mimi!"

"Ndiyo, mkuu. Chenye muhuri."

Muhuri ulikuwa ndani, juu ya meza yake, umetulia pamoja na hewa.