Bango Moja, Nyumba Mbili

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Wageni, Halmashauri ya Wilaya.

Kwa heshima zote na salamu nyingi. Mimi, Murtazi Pipia, mkazi wa kitongoji cha Lekardale, ninawasilisha shajara yangu ya siku sita ili iwe kielelezo katika shauri la bango la nyumba ya wageni. Nimeinakili kama ilivyo. Sikuondoa neno, kwa kuwa mwenye haki hana la kuficha.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Tangazo limebandikwa dukani. Kitongoji kitapewa bango moja, na nyumba itakayolipata itachorwa kwenye ramani ya wasafiri. Nyumba inayostahili ni moja. Zilizoomba ni mbili. Ya pili ni ya jirani yangu Tsiala Kardava, mjane, ambaye sifa yake pekee ni mapishi. Mwenye duka ameninong'oneza kwamba idara itatuma mkaguzi aliyejifanya msafiri.

Saa nane mchana nilikuwa tayari kituo cha basi. Saa tisa akashuka mgeni mrefu, begi mgongoni, daftari mkononi. Nilimnyang'anya begi kwa ukarimu. Anaitwa Ilmari, Mfini. Anadai amekuja kuijua nchi ya Wamegreli. Hakuna anayekuja kwetu kwa sababu hiyo. Watu hupita kwetu wakienda milimani au baharini.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Shaka zinaongezeka. Amemsalimu mke wangu Guguli kwa Kimegreli. Lugha hiyo hata watu wa Tbilisi, mji mkuu wetu, hawaielewi. Ni nani aliyemfundisha, na kwa maagizo ya nani? Anaandika kila kitu. Ameandika kwamba ghomi, yaani sima yetu, haitiwi chumvi. Ameandika kwamba jibini huchomekwa ndani ingali moto. Ameuliza kwa nini ua wa mbele una nyasi tupu na hauna hata mche wa nyanya. Huyo ni mkaguzi.

Kumuuliza siwezi. Mgeni hutumwa na Mungu, na mjumbe wa Mungu haombwi kitambulisho. Nikaamua atajitaja mwenyewe, kwa msaada wa divai. Mchana nilishika uongozi wa meza. Nikanyanyua kikombe kwa ajili ya amani, kwa ajili ya marehemu, kwa ajili ya akina mama, kwa ajili ya mgeni. Hadi kikombe cha saba alikuwa hajasema lolote. Mimi, kwa mujibu wa Guguli, nilikuwa nimekwisha kumweleza kwamba paa linavuja, kumfafanulia taratibu zetu zote za msiba, na kumlilia ng'ombe aliyekufa mwaka juzi.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Pigo. Mgeni ameomba apelekwe kwa Tsiala. Eti huko mjini Zugdidi amesikia kwamba elarji yake haina mfano. Elarji ni ghomi iliyosongwa pamoja na jibini mpaka ikavutika kama mpira. Yeyote mwenye mwiko anaweza kuipika. Nilimtazama Guguli anisaidie. Akasema, "Ni kweli, Baba Nato. Hata wewe ukinusa moshi wa kule unasimama uani umeinua pua kama mbwa."

Ilinibidi kuchukua hatua. Niliinamisha kichwa, nikamfahamisha mgeni kwamba nyumba ile ina msiba. Nikamtaja marehemu: Valiko, kaka yake Tsiala, mkazi wa Poti. Hoja yangu ilikuwa thabiti. Mtu aliye matembezini hapigi hodi kwenye kilio. Ilmari aliandika kitu daftarini. Nililala vizuri.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Kasoro moja ilijitokeza. Katika nchi yetu, nyumba ya karamu huingiwa kwa mwaliko. Nyumba ya msiba haihitaji mwaliko, na aliyesikia habari hapiti bila kuingia. Jambo hilo nilimfafanulia mgeni mwenyewe juzi, kikombe cha sita.

Baada ya kifungua kinywa alitoka amevaa shati jeusi, mishumaa mkononi, akaomba aonyeshwe njia. Kila jirani aliyekutana naye njiani alimwambia pole kwa msiba wa Tsiala, naye jirani akaenda kuwaambia wengine. Kufika saa sita, wanaume arobaini walikuwa wamejipanga langoni kwa Tsiala, kofia mikononi. Tsiala alipoziona kofia hakuuliza ni nani. Alianza kulia, kama ipasavyo mwanamke mwenye heshima, akauliza baadaye. Alipotajiwa Valiko alimpigia simu. Valiko akaipokea, akasikia vilio, akaelewa kwamba kwao kuna aliyekufa. Akakata simu, akaingia garini.

Tsiala aliwatangazia watu kwamba kaka yake yu hai. Wa mbele walisikia. Wa nyuma walikuwa wangali wanawasili. Nami nilikuwapo, nafasi ya kumi na nane, kwa kuwa kutohudhuria kungetiliwa shaka. Hivyo nilishuhudia Valiko mwenyewe akifika na kuwapa mkono waliopanga mstari, mmoja baada ya mwingine, kama desturi inavyotaka. Mwalimu mstaafu, nafasi ya kumi na saba, alimshika mkono kwa huruma.

"Pole sana, kijana wangu. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Sijaambiwa bado, mwalimu," akasema Valiko.

Ndipo Tsiala akatoka jikoni mbio, akampiga kaka yake kwa mwiko, kisha akamkumbatia.

Watu arobaini hawarudishwi na njaa. Masufuria yalikuwa motoni tayari. Waliletwa samaki, yakaletwa maharage, na kwa kuwa msiba ulikuwa umekufa, ikaletwa elarji, ambayo msibani hailiwi. Ilmari aliivuta ya kwake mpaka akalazimika kusimama. Walimwombea Valiko umri mrefu mara tisa. Valiko alilia kwa kila kikombe.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Imeulizwa habari ilianzia wapi. Ilmari, ambaye kwao hawakumfundisha kusitiri, alisema ameambiwa na Mzee Murtazi.

Tsiala alikuja langoni kwangu na bakuli lililofunikwa. "Jirani, mabaya yako yanipate mimi," akasema kwa neno letu la upendo, huku akicheka. "Ukitaka elarji si useme tu? Mpaka umuue kaka yangu?"

Nilimjibu kwamba nilipokea taarifa kutoka chanzo nisichoruhusiwa kukitaja. Akasema nimsalimie chanzo. Akaacha bakuli. Je, ni hongo? Ni kielelezo dhidi yangu? Ni sumu? Nilikula nusu kwa ajili ya uchunguzi. Nusu ya pili nilikula kwa ajili ya kuthibitisha.

Jioni Ilmari aliomba ruhusa ya kuhamishia begi lake ng'ambo, kwa Tsiala. Nilimpa ruhusa kwa maandishi.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Ilmari ameondoka. Ameniaga kwa kunishika mikono yote miwili. Anasema ni tarishi mstaafu wa posta, na hutembea akijifunza lugha zenye wasemaji wachache. Mkaguzi angesema hivyo hivyo.

Mwenye duka sasa anadai kwamba hakukuwa na mkaguzi. Idara itaamua kwa barua. Simwamini, ila barua ndiyo hii.

Saa nane mchana wameshuka wanawake wawili wageni wenye mabegi. Wameulizia elarji. Bila kupoteza muda nimewafahamisha kwamba nyumba ya Tsiala ina surua. Mmoja akasema wao ni wauguzi, akauliza njia iliyo fupi. Walikwenda wakikaribia kukimbia. Jambo hilo linatia shaka sana, nami nalifuatilia.

Mheshimiwa, naomba uamuzi: bango liwekwe kwangu, au lisiwekwe. Naomba jibu kwa maandishi.

Murtazi Pipia