Taa ya Tumbawe Langu na Mabeseni ya Jirani

Pankrasi Komba,
Nyumba yenye geti la kijani,
Songea.
4 Desemba

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

YAH: KUOMBA GIZA KIDOGO DIRISHANI KWANGU

Shikamoo, na pole na majukumu. Mimi ndiye mwenye tangi la maji ya chumvi sebuleni. Ndani yake linaishi tumbawe laini, lililokuzwa dukani Dar es Salaam na kuletwa na binti yangu Leticia. Watu huliita ua. Ni mnyama, Ndugu Mwenyekiti, na kwa sasa ni mgonjwa sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tumbawe hili halipendi mwanga mkali. Linataka kivuli, kama miche ya kahawa kitaluni. Nilihangaika mwezi mzima kulichagulia taa. Balbu ya vifaranga nusura ipike maji. Taa ya sola ilikuwa hafifu mno, likarefuka shingo likitafuta mwanga. Mwishowe nikapata kitaa cha bluu, nikakining'iniza shibiri mbili juu ya maji, saa nane kwa siku, likachanua. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

2. Nilikwenda msibani Namtumbo, nikamwachia jirani yangu Mama Skolastika ufunguo, kama tufanyavyo sote. Mvua za kwanza zikanyesha, kumbikumbi wakatoka. Mama akaona kitaa changu hakiwezi kuita hata mbu, akaking'oa, akafunga taa yake kubwa ya kukodisha kwenye harusi. Hakuniibia kitu. Alinihurumia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

3. Niliporudi nilikuta mabeseni kumi na manne ya kunasia kumbikumbi yamepangwa chini ya dirisha langu. Sasa nasalimiwa kwa heshima ambayo sijawahi kuipata, ila nikigusa swichi tu, mtaa mzima unaguna. Tumbawe limejikunja, limebaki kama kitufe cha shati. Naogopa litakufa, nami nimemnyima Mama Skolastika salamu siku ya tisa leo.

Kwa hiyo naomba kikao cha Jumamosi kiazimie kwamba dirisha langu ni hifadhi. Kwamba Mama Skolastika anyang'anywe ngazi aliyofungia taa. Kwamba harusi zote zifanyike mchana. Kwamba taa ya barabarani iliyo mbele yangu ivishwe kanga. Kwamba kumbikumbi waelekezwe Maposeni, ambako nafasi ipo. Na kwamba jua la saa kumi, kama mamlaka yako inafika huko, lipite nyuma ya nyumba.

Wasalimie wajumbe wote, mama watoto, na mzee Romanus pamoja na mguu wake.

Mimi mwananchi mtiifu, subira yangu ikielekea ukingoni,
Pankrasi Komba

Nyongeza: Nikitafuta bahasha nimepita kwenye tangi. Kumbikumbi wamepukutisha mabawa yao juu ya maji, yametanda uso wote. Chini yake, katika mwanga uliochujwa, tumbawe limefunguka, kubwa kuliko lilivyowahi kuwa. Nimetokwa na machozi, sifichi. Kisha nikaenda kumwamkia Mama Skolastika. Akaitikia kama hakuna lililotokea, akanipa bakuli la kumbikumbi wa kukaanga. Basi kikao kikiamua kumwadhibu, na mimi niunganishwe kwenye adhabu hiyo, maana nimekula, na nimeomba kuongezewa.