Waraka wa Ulinzi wa Sifuri

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya ngazi zote zinazohusika, natangaza kwamba Shirika letu la Mitambo ya Maji sasa linapima kwa mwanga. Zama za kupima kwa macho zimepita. Zama za futi kamba zimepita. Mimi, Katibu Mwandamizi wa Shirika na Katibu wa Kamati ya Mapokezi ya Mtambo, nilikuwepo tangu boksi linafunguliwa hadi mambo yalipofika hapo yalipofika, na naandika haya ili watu wa vijiweni waache kupotosha. Wanasema Mkurugenzi wetu aligeuzwa kuwa sifuri. Uongo mtupu. Aliomba mwenyewe, kwa maandishi, na nakala ninayo.

Mtambo wenyewe unaitwa traka ya leza. Kwa asiyejua: ni kichwa cha chuma kilichokaa juu ya miguu mitatu, kinarusha mwale mwekundu. Unashika mkononi gololi yenye kioo ndani, ukubwa wa ndimu, na mwale unaifuata popote unapoipeleka. Pale gololi isipopenya unatumia fimbo yenye ncha ndogo ya kugusia. Kompyuta inaandika kila ulipogusa, kwa kosa lisilozidi unene wa unywele. Basi, ndiyo hivyo. Mtu yeyote angeelewa kwa robo saa, ndiyo maana Kamati ilihitaji semina ya siku tatu.

Kwa nini tuliununua? Pampu kubwa inayopeleka maji nusu ya mji ilikuwa imevunja shafti mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Fundi mpimaji wetu akasema wazi kwamba msingi wa zege unaobeba pampu umelala upande. Sasa, msingi ule alikuwa ameuzindua Mkurugenzi mwenyewe. Alivaa kofia ngumu, akashika pimamaji mbele ya wapiga picha, akasema, "Uko sawasawa," kisha akasaini cheti. Kusema msingi umelala upande ni sawa na kusema jambo ambalo sitaki hata kulimalizia. Fundi akaandikiwa barua ya kujieleza kwa uzembe wa kuvunja shafti za Shirika. Akapewa mpaka Ijumaa, siku ya kikao cha Bodi: aoneshe ushahidi au aende nyumbani. Barua niliiandika mimi. Iliandikwa vizuri sana.

Nalazimika kusema pia kwamba fundi huyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja. Ofisini hilo halina uzito wowote. Kwa dada yangu lina uzito, maana alinipigia simu asubuhi ile ile.

"Umemwandikia mwanangu barua?"

"Si mimi, dada. Ni Shirika."

"Shirika limeanza lini kuandika 'kwa masikitiko makubwa' mara tatu kwenye ukurasa mmoja? Nakujua tangu unanyonya, usinichezee. Mwanangu akimwaga unga, kwangu usikanyage. Na sufuria yangu uirudishe."

Akakata simu. Sikulala vizuri siku zile, lakini uso wa kazi ni uso wa kazi.

Jumatatu fundi alisimamisha ile miguu mitatu katikati ya karakana, mbele ya msingi wa pampu, akausawazisha mtambo, akauwasha, halafu akavuta stuli akakaa.

"Mbona umekaa?" nikamuuliza.

"Mtambo unapasha moto, mjomba. Nusu saa."

"Katibu."

"Unapasha, Katibu. Usipopasha unadanganya."

Nilimweleza kwamba hakuna mtumishi wa Shirika anayefika kazini akapumzika nusu saa bila kusaini kwanza. Tukaufungulia mtambo daftari la mahudhurio, fundi akausainia. Wiki nzima haukuchelewa hata siku moja, na hakuna idara nyingine yenye rekodi hiyo.

Shughuli ilianza Jumanne, programu ilipouliza swali. Kwenye skrini yalitokea maneno: Chagua sifuri. Fundi akatueleza kwamba kila kipimo lazima kiwe na mahali kinapoanzia. Akatoa kikombe kidogo cha sumaku cha kukalia gololi, akapaka gundi, akaielekea nguzo ya zege.

"Subiri kwanza," alisema Afisa Itifaki, mtu ambaye hata akipiga chafya huanza na salamu kwa mgeni rasmi. "Ina maana kila kitu cha Shirika hili kitapimwa kuanzia kwenye nguzo?"

"Ndiyo."

"Nguzo ina cheo gani?"

"Haina cheo. Ila haitembei."

Kamati ilishtuka. Tuna wazee mle ndani waliotumikia miaka thelathini, hawajawahi kutanguliwa na nguzo. Tulijifungia saa mbili tukatoka na azimio. Kwa mujibu wa itifaki hakuna shughuli inayoanza kabla ya Mkurugenzi, kwa hiyo na vipimo vianzie kwa Mkurugenzi. Zaidi ya hapo, kila pointi itatanguliwa na salamu: mwale uende kwake kwanza, ndipo ushuke kwenye msingi.

Fundi alinitazama. Ana macho ya mama yake, yale ya kukuuliza umekula nini.

"Kwangu mimi sifuri ikae popote," akasema. "Ilimradi isisogee."

"Mkurugenzi wetu ni mtu thabiti," nikamjibu.

Mkurugenzi alipopewa habari alisimama, akafunga kifungo cha koti, akauliza kama kuna sifuri nyingine katika mashirika jirani. Tukamhakikishia hakuna. Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa mkono wake: "Naomba kuteuliwa kuwa Sifuri ya Shirika." Akaiidhinisha mwenyewe. Ofisi yake iko ghorofani na ina dirisha kubwa linalotazama karakana, ila fundi akasema kioo kinaupindisha mwale. Kioo kikang'olewa, na kwa mara ya kwanza tangu jengo lijengwe, Mkurugenzi akasikia kelele za karakana.

Kikombe cha sumaku tulikifunga kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo, jinsi alivyotaka. Gololi ikakaa. Mwale ukapanda ukaishika. Tukapiga makofi.

"Mzee, unapumua," fundi akaita kutoka chini.

"Nani kasema?"

"Mtambo. Milimita nne kwenda, milimita nne kurudi."

Mkurugenzi alikana katakata. Akabana pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na kweli skrini ikatulia. Halafu kikohozi kikamtoka, na hesabu zikaonesha kwamba msingi wa pampu umeruka juu sentimita mbili. Kamati ikakaa kwa dharura. Gololi ikahamishiwa kwenye mkono wa kiti chake, kwa sharti kwamba kiti kitahesabika kuwa Mkurugenzi pale tu atakapokuwa amekikalia. Hili lilikuwa la busara, maana kiti chenyewe ni cha gesi: akikaa kinashuka, akiinuka kinapanda, na Shirika zima linapanda na kushuka nacho.

Jumatano tulianza kazi rasmi. Saa nne na dakika kumi Mkurugenzi alipokea simu, akazungusha kiti kutazama ukutani. Wakati huo huo kompyuta ikatangaza kwamba msingi, tani arobaini za zege, umehama sentimita sitini kuelekea getini. Sikusubiri. Nilimwandikia mlinzi wa geti aeleze kwa nini ameruhusu mali ya Shirika kusogea bila hati ya kutolea. Maskini mlinzi aliapa kwa marehemu baba yake kwamba hajaona msingi wowote ukipita. Saa nne na nusu simu ikaisha, kiti kikarudi, msingi nao ukarudi. Nikamwandikia barua ya pongezi.

"Mjomba," fundi akaniambia, na safari hii sikumsahihisha kwa sababu sauti yake ilikuwa imekauka, "leo ni Jumatano. Nimepima mara tisa, zote zimeharibika. Mara anajikuna, mara anavuta droo, mara anamwita Mama Chai. Nikifika Ijumaa mikono mitupu, nimekwisha. Mama atasemaje?"

Najua mama atasemaje. Iliniuma, nakiri. Nikamwambia alete ombi kwa maandishi.

Alhamisi akaleta ukurasa mmoja alioutoa kwenye kitabu cha mtambo, unaohusu utunzaji wa sifuri. Niliugeuza kuwa waraka kwa kalamu yangu mwenyewe, na kusema kweli nilijipita. Sifuri haitasogea. Sifuri haitaguswa, wala haitajigusa. Haitapigwa na jua. Haitaondoka mahali pake bila ruhusa ya maandishi ya fundi mpimaji. Kifungu cha tano kilisema atakayeitikisa sifuri wakati wa kipimo atasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, bila kujali cheo. Hayo maneno "bila kujali cheo" niliyaongeza mimi kwa sababu yanapendeza mwishoni mwa sentensi. Mkurugenzi aliyasoma, akamtazama Mama Chai aliyekuwa anapita na toroli lake, akaitikia kwa kichwa, akasaini.

Ijumaa Mwenyekiti wa Bodi alifika kabla ya muda, jambo ambalo si la kawaida na halikutupendeza. Ni mama mfupi, mwalimu mstaafu wa hesabu, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Hakwenda chumba cha mikutano kwenye maua na chupa za maji. Alipanda moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi, akasimama penye lile dirisha lisilo na kioo, akasema, "Haya, binti. Pima nione."

Fundi akapima pointi sita. Kabla ya kila moja mwale ulipanda ukamsalimu Mkurugenzi, ukashuka. Mama Chai alishika vikombe visigongane. Kisha fundi akasoma kwa sauti. Kati ya ncha moja ya msingi na nyingine kulikuwa na tofauti ya milimita kumi na nne. Inayoruhusiwa ni sehemu ya kumi ya milimita moja.

"Kwa lugha nyepesi?" Mwenyekiti akauliza.

"Umelala upande, mama. Shafti yoyote utakayoweka pale itavunjika, hata niifunge mimi, hata aifunge fundi mwingine."

Mkurugenzi alicheka kile kicheko chake cha hafla. "Mheshimiwa Mwenyekiti, vipimo hivi havina mashiko. Vinaanzia kwangu, na mimi ni binadamu. Huenda nilitikisika."

Mwenyekiti akanyoosha mkono. Nikampa waraka, kwa kuwa niliombwa nyaraka na kazi yangu ni nyaraka. Akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka kifungu cha tano, akageuza karatasi kuangalia sahihi.

"Ulitikisika?"

"Nili..." Mkurugenzi akaiona sahihi yake. "Sikuti..." Macho yakamwenda chini kwenye msingi, ambao cheti chake nacho kina sahihi yake.

"Nimeuliza swali dogo, baba. Ulitikisika au hukutikisika?"

Mkurugenzi aliganda hapo alipokaa. Mdomo ulibaki wazi nusu, kope hazikupepesa, mkono ulishika kiti mpaka vifundo vya vidole vikapauka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, hakulifuta.

"Mama!" fundi akaita kutoka chini, na sauti yake sasa ilikuwa imepona. "Hapo alipo hajacheza hata chembe! Tangu Jumanne sijapata sifuri nzuri namna hii. Naomba nizirudie zote sita."

"Zirudie."

Pointi ya kwanza ikarudi ile ile. Ya pili ile ile. Ya nne ilipokubaliana na wenzake, Mwenyekiti alivua miwani.

"Barua ya huyu binti ifutwe leo. Msingi uvunjwe Jumatatu, umwagwe upya, na yeye ndiye atakayeupima. Na wewe, Mkurugenzi, wakishamaliza kukutumia, utakabidhi ofisi."

Karakana ikalipuka kwa vifijo. Mafundi walimbeba mpwa wangu juujuu, naye anapiga kelele wamteremshe asije akaangusha gololi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nasema hivyo kama mjomba. Kama Katibu sina maoni.

Mwenyekiti alishuka kwenda kumpa fundi mkono. Tukabaki wawili ofisini, mimi na Mkurugenzi, na ule mwale mwekundu uliokuwa bado umemshika kwa sababu pointi mbili zilikuwa hazijarudiwa.

"Katibu," alinong'ona bila kuchezesha midomo. "Pua inaniwasha."

Niliutazama waraka. Niliusoma mwanzo hadi mwisho kumtafutia mwanya, lakini niliuandika mimi na hauna mwanya. Nikamwambia njia ipo, aombe ruhusa ya maandishi kwa fundi mpimaji. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa hauwezi kutoka kwenye kiti, nilimwandikia mwenyewe: "Yah: Ombi la Kujikuna Pua." Nikateremka nalo ngazi, nikalikabidhi kwa mikono miwili.

Fundi alilisoma bila haraka, akaligonga muhuri.

"Limepokelewa, Katibu. Linapelekwa kwenye Kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Si wewe ndiye katibu wake?"

Nikafungua shajara yangu. Kamati inakaa Jumanne.