Vitanzi Vyangu Mgongoni kwa Mama Mkwe

Leo uzi umenivua nguo hadharani. Uzi wa kufumia, jamani, wala si mtu! Na aliyebaki na mgongo wazi si mimi, ndiyo maana hasira zake haziishi.

Iko hivi. Hapa mtaani kwetu Tunduma kuna kikundi cha akina mama wanaofuma masweta ya shule. Baridi hii imewaletea kazi nyingi kuliko mikono waliyonayo, wakatangaza nafasi ya mtu mmoja. Mmoja tu. Mimi nimechoka kushinda ndani na mtoto mgongoni, nikimwomba mume wangu hadi hela ya chumvi (na kidato cha nne nimemaliza!). Nikasema nafasi hiyo ni yangu. Sharti lao dogo: uanzishe vitanzi kwenye sindano, ule mstari wa kwanza wa sweta, mwenyekiti akiona.

Sasa mama mkwe wangu yuko kwetu, katokea Nanyala. Kusikia tu, akajifunga kitenge.

"Mkamwana wangu afume? Huyu? Ngoja nikaone kwa macho yangu."

Akavaa sweta lake la maruni, rangi ile ile ya masweta ya shule. Kalifuma mwenyewe wiki hii, sebuleni kwangu, kwa makusudi ili nione.

Tukafika. Mgeni akapewa kigoda. Mimi mkwe mwenye adabu nikakaa mkekani, chini yake, nyuma kidogo. Mwanangu Kelvin kalala mgongoni mwangu, kwa hiyo kujigeuzageuza siwezi. Akiamka huyo, hata Nakonde kule Zambia wanasikia.

Mwenyekiti, Mama Rehema, ana sauti ya kusimamisha lori.

"Acha mkia wa uzi, mrefu! Mkia unakaa dole gumba. Uzi wa kwenye bonge unakaa kidole cha pili. Chota chini, chota juu, vuta. Hicho kitanzi kimoja."

Rahisi! (Mdomoni.)

Mara ya kwanza nilikaza hadi sindano ikagoma kutoka. "Unafunga mbuzi?" akauliza Mama Rehema. Nikafumua. Mara ya pili nililegeza, vitanzi vyote vikateleza vikaanguka mapajani. Mama mkwe akaguna. Ule mguno wake wa puani, mnaujua wenye wakwe.

Mara ya tatu nikaenda vizuri kabisa. Chota chini, chota juu. Jasho linatiririka, ulimi nje. Bado kidogo tu nimalize, mkia ukaisha.

Ukaisha! Nilikuwa nimeuacha mfupi. Dawa yake ni kufumua vyote na kuanza upya, na Mama Rehema kasema mwisho ni mara tatu.

Hapo ndipo nikajifanya mjanja. Nikapapasa mkekani bila kugeuka, nikakuta ncha ya uzi wa maruni. Nikajua ni uzi wa kikundi. Nikaufunga fundo kwenye mkia wangu, haraka, chini ya kitenge. Nikaendelea.

Weee! Uzi ukawa unakuja wenyewe. Laini, haukwami, hauishi. Nikapitiliza idadi ya vitanzi waliyonipa, nikaendelea kuchota kwa raha, macho kwenye sindano tu. Nikawaza, kumbe nina kipaji!

"Leo upepo wa hapa unaingia mgongoni," mama mkwe akasema.

"Ndiyo baridi yetu, mama," nikamjibu, navuta.

Mama Rehema akaja, akatazama sindano yangu. "Mbona safi? Haya, tusimame tufunge kwa sala. Mgeni wetu atatuombea."

Mama mkwe akasimama, akaenda mbele. Sindano ikachomoka mkononi mwangu, ikamfuata, inavutwa na uzi.

Ndipo nikaona. Sweta halina mgongo! Limeliwa hadi kwenye mabega, na chini yake kavaa fulana ya ndani ya baba mkwe, ile yenye matundu.

Watu wamefumba macho. Mimi nifanye nini? Mkwe hamgusi mama mkwe mgongoni. Nikapiga magoti nikatambaa nikamate uzi angalau usizidi kukimbia.

"Ee Baba, tunakushukuru kwa mikono ya mabinti hawa..."

Nikaudaka. Nikauvuta kidogo tu. Mkono mmoja wa sweta ukaning'inia!

Kelvin akaamka. Akalia kama honi. Watu wote wakafumbua macho, wakanikuta nimepiga magoti nyuma ya mama mkwe, nimeshika uzi wake kama nachunga ng'ombe.

"Awe, hapana!" akapiga kelele mama mmoja wa ng'ambo, wa Nakonde. "Anamfumua mkwe wake!"

Kicheko hicho! Wengine wakalala chini.

Mama mkwe akajipapasa mgongo. Polepole. Akageuka.

"Wewe. Hilo ni sweta langu?"

"Ndiyo, mama. Samahani, mama. Nilidhani ni uzi wa kikundi."

"Mama," Mama Rehema akaingilia huku anafuta machozi, "ncha ya chini kwani hukuifunga?"

"Nilipanga kuifunga jioni hii!"

Nikamfunika kwa kitenge changu, nikaanza kukusanya sindano niondoke. Nafasi imekwenda, heshima imekwenda.

"Unaenda wapi?" Mama Rehema akaniita. "Sisi uzi mwingi tunaupata kwenye masweta ya mitumba. Tunayafumua, kazi inatutoa roho. Wewe umemaliza moja zima, bila kukata uzi, na mwenyewe kalivaa. Nafasi ni yako. Njoo kesho, utakuwa wa kufumua."

Sasa mimi nilitaka kufuma! Vitanzi vyangu vimekubalika, halafu napewa kazi ya kuharibu? Nikafungua mdomo nikatae, mama mkwe akaniwahi:

"Atakuja. Na ataanza na kunirudishia mgongo wangu."

Kwa hiyo nina kazi, marafiki. Anayecheka huko, aangalie sweta lake.