Ngege wa Tonny Wapata Menyu Mpya

Kijiwe chetu kiko Kianda, kwa kibanda cha chai cha Akeyo, na Jumamosi ni redio yake ndiyo ilianzisha vita. Mtangazaji alisema wafugaji wa samaki wapunguze kuwalisha omena, yaani dagaa, maana omena inaisha ziwani na watu pia wanaihitaji. Badala yake wajaribu mabuu.

Ouma, huyu tunamwita Mbuta kwa sababu ana mwili mkubwa kama samaki huyo wa ziwani, aligonga kikombe kwa meza mpaka chai ikaruka.

“Ngojeni! Kumbe omena inapotea soko ndio ikalishwe samaki? Yaani samaki anadishi omena, mimi nadishi sukuma?”

“Na unaongezanga mara tatu,” Akeyo akasema akigeuza chapati. “Lakini mabuu ni nini?”

“Watoi wa nzi, mathe,” Tonny akajibu.

Chapati ikaanguka chini.

Tonny ni fundi wa simu, lakini moyo wake uko kwa tanki iliyo nyuma ya kibanda, ambamo kikundi cha vijana kinafuga ngege, wale samaki wa tilapia. Amekuwa akiwapa pumba tupu, na wamekonda hadi wanafanana na vichana vya nywele. Kikundi kimeshamwambia: wasiponona, tanki inakuwa ya kuuza maji. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuja na gunia. Ndani kulikuwa na mabuu aliyofuga kwa mabaki ya soko, akayakausha na kuyasaga. Kulikuwa pia na soya, pumba, na unga wa muhogo wa kushikanisha.

“Mimi niko na swali,” Khaemba, mwenzetu wa kijiwe, akainua mkono kama mtoto wa shule. “Mnapeana wadudu kwa samaki. Sisi watu wa Kakamega tunaokula wadudu mlituuliza?”

“Buda, hizi si kumbikumbi,” Tonny akasema.

“Leo ni mabuu. Kesho mtafikia kumbikumbi. Mwaka ujao mnakuja kuchukua kuku!”

“Na customer wangu akisikia samaki amekula nzi?” Akeyo akauliza.

“Mathe, kwani huko ziwani samaki huagiza chapo na maharagwe? Wadudu wamekula tangu kitambo.”

“Zii!” Mbuta akaruka. “Ule wa ziwani anamtafuta mdudu mwenyewe, anatoka jasho. Huyu wako analetewa kitandani kama mgonjwa!”

Lakini kuchanganya kulipoanza, hakuna aliyebaki kwa benchi. Mbuta alikanda kwa mikono miwili akitaka iwekwe pilipili. Akeyo alitaka dania, na alikubali kutoa mashine yake ya kusaga nyama baada ya Tonny kuapa kuiosha na maji moto. Zikatoka kamba nyembamba, tukazikata vipande vidogo, tukavianika juu ya gunia. Jua la Kianda likafanya kazi yake.

Mchana Tonny alirusha konzi moja ya chakula kwa tanki. Vipande vikazama vyote.

“Yawa! Umetengeneza kokoto!” Mbuta akainama kuangalia.

Ghafla maji yakachemka. Ngege walipanda, wakashuka, wakapigana mikia, na mmoja akamwagia Mbuta maji uso mzima. Tukapiga kelele kama watu wamefunga goli. Akeyo alipiga vigelegele na mwiko mkononi, Mbuta akacheza na shati limelowa, na Tonny akamkumbatia kila mtu, hata mteja aliyekuwa anapita tu kununua mandazi.

“Cheki huyo amenona!”

“Hajanona, Mbuta. Amefurahi tu.”

Tulipogeuka kuongeza chakula, nusu ya gunia ilikuwa wazi. Khaemba alikuwa amekaa kando yake, chai mkononi, mashavu yamejaa.

“Khaemba! Unatafuna nini?” Tonny akauliza.

“Si njugu?”

“Hao ni funza, buda! Funza!”

Alitafuna pole pole. Akameza. Akaangalia juu, akifikiria.

“Basi hao funza wamelelewa vizuri sana. Chumvi tu ndiyo imekosa.”

Mbuta alicheka mpaka akakaa kwa matope. Tonny, katikati ya kucheka na kulia, aliokota vilivyobaki akavitia kwa ndoo.

“Sasa lazima mtu achunge hii ndoo mpaka mbogi yangu ya kikundi ikuje.”

“Mimi nitachunga,” Khaemba akasema, hata kabla Tonny hajamaliza.

“Wewe?” Akeyo akanyakua ndoo. “Afadhali tuandike paka kazi!”

“Sawa, andikeni paka,” Khaemba akajipangusa mdomo. “Lakini kuonja nani ataonja?”